Rimu za IST, spreyi ya kubandua, na kwanini kopo mbili hazitoshi

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo: "Fundi shikamoo. Nina Toyota IST ya 2004, rimu zake za silva za kiwandani saizi 15. Nataka ziwe nyeusi ila mwakani nategemea kuiuza kwahiyo sitaki kuharibu rangi yake. Kuna jamaa kanambia ipo spreyi ya raba unapuliza alafu ukichoka unabandua kama ganda. Nimeshanunua kopo mbili. Je zinatosha rimu nne, lazima nitoe matairi kwenye gari, na kweli itabanduka au ndo nitajuta? Nakaa Tabata, nataka nifanyie hapo hapo nyumbani."

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la kopo maana ndo penye kesi yote. Mbili hazitoshi, na sio kwamba rimu ya nne itabaki silva, hapana, ukibanabana utazipaka zote nne na zitakuwa nyeusi na utapiga picha utaposti na watu watakusifia. Shida utaiona mwakani siku ya kubandua. Watu wengi wanadhani kwa vile hii ni rangi ya muda basi ipakwe nyepesi nyepesi ili itoke kirahisi, wakati ni kinyume chake kabisa. Hii rangi inatoka kwa sababu ni nene. Ikiwa nene inakuwa kama glovu ya mpira, unashika ncha moja unavuta inakuja yote. Ikiwa nyembamba haina nguvu ya kujishikilia yenyewe, inakatika kila ukivuta nusu sentimita, na hapo utakaa na kucha zako wiki nzima.

Najua kwa sababu yalinikuta. Kipindi spreyi hizi ndo zinaanza kuonekana mjini kaja mteja na Mark X, kaja na kopo zake mbili mkononi kama wewe, na mimi kwa ujuaji wangu nikampigia koti mbili, yaani tabaka mbili za rangi, kila rimu, zikapendeza kweli. Miezi minane baadae karudi anataka silva yake, nikamwambia kaa hapo kaka, dakika kumi tu. Siku tatu! Mimi na kijana wangu tumeinama na mswaki wa meno na kitambaa cha mafuta, pembeni ya kila mkono wa rimu, kwenye matundu ya nati, ndani kule kidole hakipiti. Hela niliyomchaji haikulipa hata chai yetu. Kwahiyo nikisema nunua kopo nyingine mbili sikutafutii hasara, rimu ya saizi 15 inakula kopo moja nzima ya gramu 311, nne kwa nne. Muuza duka atakwambia kopo moja inapiga rimu mbili, na ni kweli inapiga, ila yeye siku ya kubandua hatakuwepo.

Sasa kabla hujaongeza hizo mbili, hakikisha hizo ulizonazo ni zenyewe. Hii kitu asili yake ni raba iliyoyeyushwa kwenye kemikali inayoruka haraka, ukipuliza ile kemikali inaondoka inabaki ngozi ya raba. Waliotangulia ni Plasti Dip, kampuni ya Minnesota kule Marekani, na mwanzoni, miaka ya 1970, ilikuwa ni dawa ya kuchovya mishikio ya koleo na bisibisi isiteleze mkononi, mambo ya rimu yamekuja baadae sana. Siku hizi kuna majina mengi madukani na mengine ni mazuri tu, ila pia kuna rangi za kawaida zimevalishwa lebo ya raba. Usibishane na muuzaji. Chukua kipande cha kigae au kioo, kioshe, puliza koti nne ukisubiri robo saa kila moja, acha mpaka kesho yake, alafu kwaruza ncha kwa ukucha uvute. Ikija kipande kizima kinanyumbuka kama ngozi ya nyoka, hiyo ndo yenyewe. Ikipasuka kama ganda la yai au ikitoka unga, irudishe dukani, na usiithubutu kwenye rimu.

La pili, kutoa matairi. Sio lazima, ila mimi kwa gari ya kuuza ningetoa. Ukipulizia ikiwa kwenye gari unaacha ndani ya rimu silva, na IST mbele ina breki za diski, lile vumbi la rangi linakaa kwenye diski na kaliper inayoibana, siku ya kwanza ukishika breki unasikia harufu ya raba inaungua na unaanza kuogopa gari imekufa. Kama huwezi kutoa basi tumbukiza gazeti au mfuko wa plastiki katikati ya mikono ya rimu kuziba diski yote, na ukimaliza UUTOE wote kabla hujaendesha, nacheka lakini imetokea.

Ukitoa, toa moja moja. Gari iwe sehemu tambarare, hendibreki juu, gia kwenye P, jiwe kwenye tairi la upande wa pili, legeza nati robo raundi kabla hujapiga jeki, ndo upandishe. Spea ilaze chini ya ubavu wa gari muda wote, jeki ikiteleza gari inaangukia tairi badala ya mguu wako. Alafu tofali la bloku sio stendi. Linabeba vizuri tu mpaka dakika linapoamua kupasuka, na halitoi taarifa.

Kuosha ndo nusu ya kazi na ndo watu wanaruka. Rimu ya IST ya 2004 ina miaka ishirini na zaidi ya vumbi la breki, lami, mafuta ya gereji na zile dawa za kung'arisha matairi wanazopaka vijana wa kuosha magari. Hivyo vyote spreyi haishiki juu yake, au inashika alafu inaanza kunyanyuka yenyewe pembeni baada ya wiki mbili. Osha na sabuni ya vyombo na brashi, mbele na nyuma, madoa ya lami yatoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, alafu osha tena na sabuni maana mafuta ya taa nayo ni mafuta. Kuna jamaa wanasema osha na petroli, achana nao, petroli inayeyusha hii raba, na ukiwa na petroli kwenye beseni nyumbani kwako una tatizo kubwa kuliko rimu. Mwisho futa na spiriti ile ya duka la dawa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na weusi, rudia. Kikitoka cheupe umemaliza.

Alafu iache ikauke kweli. Maji yanajificha kwenye matundu ya nati na nyuma ya mikono, unaona rimu kavu unaanza kupuliza, upepo wa kopo unayafukuza yanakuja kuchora mto katikati ya kazi yako. Iweke juani saa nzima, igeuzegeuze, alafu irudishe kivulini ipoe kabisa ndo uanze. Rimu ya moto inakausha spreyi kabla haijatandaa, inakuwa na mchanga mchanga kama msasa.

Kabla hujaziba chochote fanya kitu kimoja: bandika tepu ya karatasi kwenye rimu, ikandamize kwa kidole, uing'oe kwa nguvu. Fanya sehemu nne tano, hasa pembeni ambapo rimu imekula ukuta wa barabara. Tepu ikitoka safi, endelea. Ikitoka na vipande vya silva ujue rangi ya chini imeshaachia, na siku ukibandua raba itaondoka nayo. Hii inawakuta sana watu wenye rimu zilizopakwa rangi upya barabarani bila praima, ile rangi ya chini ya kushikilia, anadhani ana rangi ya kiwandani kumbe ni ya jamaa mmoja na kompresa. Na kama kuna mikwaruzo ya ukuta ya kina, raba haifichi, inafuata shimo kama lilivyo. Ukiipiga msasa mpaka chuma kionekane utapata uso mzuri ila hapo kwenye chuma kitupu kilichokwaruzwa raba inang'ang'ania zaidi, kutoka inatoka kwa shida. Kwa vile unauza, iache.

Kuziba tairi usihangaike na magazeti na tepu kuzunguka duara, nenda kanunue karata pakiti moja. Toa upepo kidogo tairi lilegee, alafu chomeka karata moja moja kati ya mpira na mdomo wa rimu, kila moja ikilalia mwenzake kidogo, zinasimama kama ua la alizeti. Rimu ya 15 inakula karata thelathini na kitu, zitabaki na za kuchezea. Huna karata, kata vipande vya boksi saizi hiyo hiyo. Na hata rangi ikivuka ikagusa tairi usilie, ikikauka inasuguka kwa kidole. Valvu ya upepo ivalishe kipande cha mrija au tepu. Kifuniko cha katikati chenye nembo kitoe kwa nyuma ukipake peke yake au ukiache silva, mimi huwa naacha.

Hapa sasa nakuomba usome polepole. Yale matundu manne ya nati ndani yana kiti cha mviringo unaozama, ndo nati inapokalia. Hicho kiti kisiguswe na raba. Nyuma ya rimu kuna uso bapa unaokutana na habu, yaani kile kitovu kwenye gari rimu inapofungwa, huo nao usiguswe. Raba ni laini, ukikaza nati juu yake utasikia imekaza, spana imegoma, umeridhika, alafu ukitembea ile raba inabonyea na kusagika na nati inabaki na nafasi. Aliwahi kuja dada mmoja gereji analalamika gari inagonga mbele kila akikata kona, ameshabadilishiwa bushi na stabilaiza lingi kwengine na bado, nashika spana ya tairi, nati tatu kati ya nne zinazunguka kwa mkono. Kwa mkono! Rimu alipakiwa wiki mbili nyuma na mtu aliyepuliza kila kitu mpaka ndani ya matundu. Kwahiyo viringisha karatasi au foili, tengeneza vizibo vinne, vikae kwenye kiti chenyewe, na kwa nyuma ziba uso wa habu na tepu. Pembeni ya tundu paka, kiti hapana.

Kupuliza sasa. Rimu ilaze juu ya ndoo au kigoda cha zamani, kitu unachoweza kukizungusha, maana rimu sio bati, ile mikono ina kuta pembeni na ukipuliza kutoka upande mmoja tu utafurahi mpaka uende upande wa pili ukute silva inakuchekea. Tikisa kopo dakika nzima baada ya kusikia goroli linagonga, sio mara tatu. Shika umbali wa sentimita 15 mpaka 20, pungufu kidogo ya shibiri, mkono utembee muda wote, anza kupuliza nje ya rimu, pita juu yake, malizia nje. Ukianzia katikati na ukisimama katikati ndo unapata matone.

Koti ya kwanza ni ya kukatisha tamaa na inatakiwa iwe hivyo, ukungu tu, silva bado unaiona nusu kwa nusu. Kazi yake ni kushika. Wengi hapa ndo wanaharibu, wanataka nyeusi ionekane hapo hapo wanamimina, inateremka. Subiri dakika kumi mpaka kumi na tano. Ya pili na ya tatu unaongeza, inaanza kufunika. Kuanzia ya nne mpaka ya sita ndo unapuliza ibichi, yaani ukiangalia kwa pembeni unaona uso umelowa unang'aa wote ila hautiririki, hiyo ndo inayojenga unene na kulainisha yale matuta madogo. Kila koti robo saa katikati, kila koti zungusha ndoo pande nne. Kopo likiwa limeisha ndo umemaliza rimu hiyo, hiyo hesabu ni rahisi kuliko kuhesabu koti. Tone likitokea usiliguse, nasema usiliguse, ukiligusa kwa kidole linanyanyuka na ngozi yote. Liache, hii raba inajivuta ikikauka na matone mengi yanalala yenyewe. Wadudu pia, mbu akitua muache afie hapo, rangi ikikauka unamtoa.

Tepu, vizibo na karata ving'oe wakati koti ya mwisho ingali mbichi. Ukisubiri ikauke ile ngozi itakuwa imeungana juu ya tepu na rimu, ukivuta tepu inachana na rangi. Kama umesahau, pitisha wembe taratibu kwenye mstari kabla ya kuvuta, kwa uangalifu usichore rimu.

Kuhusu hali ya hewa, nyie wa Dar mna adui mmoja na ni unyevu. Kemikali ikiruka inapoza uso wa rimu, hewa ikiwa na maji mengi yale maji yanatua juu ya raba ambayo haijakauka na rangi yako nyeusi inakuwa na ukungu mweupe kama kioo cha bafuni. Nimewahi kupuliza jioni moja ya masika kwa kubembelezwa na mteja, asubuhi rimu zilikuwa za kijivu kama mtu aliyeoga hajapaka mafuta. Zilipona kwa kurudia koti mbili siku yenye jua, lakini kopo zikaenda bure. Kwahiyo kama unaweza subiri mpaka Juni, Julai, Agosti, hewa ni kavu kidogo, na anza saa tatu asubuhi umande ukiwa umeisha, umalize kabla ya mchana upepo wa bahari haujaanza kukuletea vumbi la mtaa mzima. Kivulini, sio juani. Ndugu zetu wa Mbeya na Njombe wao shida yao ni baridi, kopo likipoa linapuliza kwa kukohoa, waliweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika chache, uvuguvugu sio moto, na kamwe sio karibu na jiko.

Nimesema jiko kwa sababu nawajua watu wa nyumbani. Hii kitu inawaka. Ule moshi wake ukikutana na jiko la mkaa la mama pale kibarazani au mtu na sigara yake, sio hadithi ya kusimulia. Pulizia uwanjani, sio ndani wala kwenye banda lililofungwa, watoto na kuku wakae mbali, na waambie majirani waanue nguo kwanza maana ule ukungu unasafiri, nyeusi kwenye shuka nyeupe la jirani utalipa wewe. Barakoa ya kitambaa inazuia chembe kubwa tu, ile hewa ya kemikali inapita kama kawaida, mafundi rangi tunavaa ile yenye makopo mawili ya chujio pembeni. Kama huna basi simama upande unakotoka upepo na kila koti ukimaliza ondoka ukapumue. Kichwa kikianza kuuma umeshazidisha. Na kopo usiziache ndani ya gari lililofungwa juani, mwisho wake ni nyuzi 50 na gari la Dar saa nane mchana linapita hapo bila jasho.

Ukimaliza acha masaa manne ndo mapema kabisa, mimi huwa nalaza mpaka kesho. Kurudisha rimu usitumie soketi yenye kingo kali moja kwa moja, itachana pembeni ya tundu, zungushia tepu nje ya soketi. Kaza nati kwa mkono kwanza zote, alafu kwa kuruka msalaba sio kuzunguka, na kwa Toyota ndogo kama hiyo ukiwa na spana ya kupimia nguvu ya kukaza ni Nm 103. Huna, kaza kwa spana ya kwenye gari kwa nguvu ya mkono bila kuikanyaga. Jaza upepo ulioutoa! Tembea kilomita 50 mpaka 100, kagua nati tena. Siku ya kwanza nzima usioshe.

Baada ya hapo maisha ni ya kawaida ukiyajua masharti yake mawili matatu. Kuosha ni sponji na sabuni, na ukiwa kwa wenye mashine ya maji waambie wasilete bomba karibu, likilenga ukingo linapenya chini na kunyanyua. Sheli ukimwagikiwa petroli kwenye rimu mwaga maji hapo hapo. Wala usije ukatamani kuipulizia juu yake spreyi ya kawaida ya kopo ya buku kadhaa ili ing'ae, ile ni ngumu na hii ni laini, itapasuka kama tope lililokauka, kama unataka mng'ao ipo klia, ile rangi angavu ya kupaka juu, maalum ya raba. Joto la breki za mjini halina neno, inavumilia mpaka nyuzi 93 hivi, ila ukiwa unashuka mlima Kitonga na mguu kwenye breki muda wote, hapo tatizo lako la kwanza sio rimu. Kudumu, mimi kwa barabara zetu nahesabu mwaka mmoja na nusu, inaweza kufika zaidi kama unapaki kivulini. Ikichanika sehemu ndogo unapuliza kidogo kwenye kifuniko cha kopo, unachovya kijiti, unagusia. Ikichanika kubwa bandua rimu hiyo yote upulize upya, kiraka kinaonekana tu.

Na hujaniuliza ila nitasema, nyeusi isiyong'aa kwa mtu wa Tabata sio rangi ya kupumzika. Inashika vumbi jekundu, inashika alama za sabuni, ukiosha asubuhi jioni ni kijivu. Ile kijivu nzito wanayoita ganmeta inaficha vumbi la breki na vumbi la barabara vyote viwili, na kwenye IST ya silva au nyeupe inakaa vizuri zaidi, kwa macho yangu. Ila gari ni yako.

Haya, mwakani mteja amepatikana. Bandua wewe mwenyewe kabla hajaja, usimwambie inatoka tu, hataamini. Chagua saa ambayo jua limeipasha rimu kidogo, raba ya vuguvugu inanyumbuka. Anzia ukingo wa nje pale rimu inapokutana na tairi, sugua kwa dole gumba ukielekea ndani mpaka ngozi ijikunje, kunja vya kutosha kushika kwa vidole viwili, alafu vuta polepole ukiwa umelalisha mkono karibu na rimu, usivute kwenda juu. Ukifika kwenye kona ya mkono wa rimu punguza mwendo. Kama ulipiga kopo zima, utatoa vipande vitatu vinne vikubwa na kimoja kitakuwa na umbo la rimu kabisa, watoto watakiomba. Palipobaki madoa membamba pembeni ya matundu, paka mafuta ya taa au WD-40 kwa kitambaa, subiri dakika tano, futa, malizia na sabuni. Thina kali usiiguse maana hiyo haichagui, inaondoka na klia ya kiwandani pia.

Chini yake utakuta silva ile ile uliyoiacha, na mikwaruzo ile ile. Kama ipo ya ukuta mteja ataiona tu, ipunguze kwenye bei.